Shemeji anasema 12,000, fundi anasema 8,000: nifunge winchi ipi?

SWALI

Kaka mshauri, habari za kazi.

Nina gari refu la dizeli linalovuta kwa magurudumu yote manne. Kazi yangu ni kukagua visima na pampu za maji mbali na barabara kuu, na likizo zikifika gari hilohilo ndilo linalobeba familia kwenda kupiga kambi. Kadi ya gari inasema uzito wake mtupu ni kilo 2,150. Nilipolipitisha kwenye mizani ya magari likiwa na matangi yaliyojaa, hema juu, masanduku ya vifaa, watoto wawili na mimi mwenyewe, ilisoma 2,900. Mara nyingi tunakuwa gari moja tu, hakuna wa kutuvuta.

Msimu wa mvua uliopita nilizama matopeni hadi ekseli. Msafiri mmoja aliyekuwa akipita alitoa winchi yake, ile mashine ya mbele ya gari inayovuta kwa kamba, akaanza kunivuta. Ilivuta dakika kadhaa, ikaanza kunuka kuungua, ikazima, na betri ya gari lake nayo ikaishia palepale. Tukachimba kwa beleshi mpaka jioni.

Tangu hapo nimeamua kufunga ya kwangu, lakini kila ninayemwuliza ana lake. Shemeji yangu, kaka wa mume wangu, anasema winchi yenye nguvu ya kuvuta chini ya pauni 12,000 ni mchezo wa watoto, tena iwe ya kamba ya waya, kwa sababu ile ya nyuzi "ni ya kuanikia nguo". Anayo moja ya 12,000 aliyoivua kwenye gari lake la zamani na anataka kuniuzia. Fundi atakayeifunga anasema 8,000 inanitosha, kwa kuwa pauni 8,000 ni zaidi ya kilo 3,600 na gari langu halifiki hata tani tatu. Mwenzangu kazini anasema nisihangaike na winchi kabisa, ninunue vibao vya tairi kukanyagia na nijifunze kupunguza upepo wa tairi. Baba watoto amekaa kimya. Nikimwuliza anasema gari ni lako, amua, lakini najua hataki kumkwaza kaka yake.

Nisaidie. Pauni ngapi, kamba gani, na betri yangu itahimili? Na hiyo ya shemeji niichukue, au nimkatalie vipi?

Mama wa Gari Refu

JIBU

Dada, wote watatu wamekuambia kitu cha kweli, ila kila mmoja ameshika kipande chake. Nianze na fundi, maana hesabu yake ndiyo inayoingia akilini haraka, na ndiyo itakayokuacha matopeni.

Pauni 8,000 ni kilo 3,630 hivi, na gari lako lina 2,900. Kwa karatasi, zimezidi. Lakini namba inayoandikwa kwenye winchi hupimwa kamba ikiwa imebaki tabaka moja tu juu ya ngoma, yaani ile silinda inayozungushiwa kamba. Kila tabaka linapoongezeka ngoma inanenepa, na mota ileile inalazimika kuvuta ikiwa mbali zaidi na kitovu chake. Chukua ngoma ya kawaida ya milimita 64 na kamba ya milimita 9. Kwenye tabaka la kwanza kamba inakaa kama milimita 36 kutoka kitovuni, na kwenye la nne inakaa milimita 63. Kwa hiyo nguvu inashuka hadi chini kidogo ya asilimia 60. Ile 8,000 ya fundi, kamba ikiwa imejaa kwenye ngoma, inabaki na uwezo wa kuvuta kilo 2,100 hivi.

Sasa uliza tabaka la kwanza lina urefu gani. Ngoma yenye upana wa sentimita 23 inabeba mizunguko kama 25 ya kamba hiyo, na mizunguko 25 ni mita zisizofika sita. Tena humo ndani kuna mizunguko ambayo huruhusiwi kuigusa: mitano ikiwa kamba ni waya, kumi ikiwa ni ya nyuzi, kwa sababu msuguano wa mizunguko hiyo ndio unaoishikilia kamba kwenye ngoma. Ukiitoa yote, kinachobaki kukushikilia ni skrubu ndogo tu. Kwa hiyo namba kubwa uliyolipia unaipata kwenye mita tatu au nne za mwisho za kamba yenye mita 30. Mti ukiwa mita kumi mbele yako, winchi uliyonunua si ile iliyoandikwa kwenye boksi.

Kosa la pili la hesabu hiyo ni kudhani kwamba uzito wa gari ndio mzigo wa winchi. Kwenye lami tambarare watu wawili wanasukuma gari la tani mbili. Kwenye mchanga laini winchi inaanza kudaiwa robo mpaka theluthi ya uzito wa gari. Mlima nao unadai chake juu ya hapo: mteremko wa nyuzi 15 unaongeza kama robo ya uzito, wa nyuzi 30 nusu kamili. Matope ndiyo mabaya zaidi kwa sababu yananyonya. Jeshi la Marekani, katika miongozo yake ya kunasua magari, linakadiria hivi: gari lililozama kina cha magurudumu linahitaji nguvu sawa na uzito wake wote, likizama hadi madigadi linahitaji mara mbili, na likizama hadi kwenye kebini, mara tatu. Wewe umesema ulizama hadi ekseli. Hapo tayari tunazungumzia kilo 2,900 au zaidi, na winchi ya fundi ikiwa na kamba nyingi kwenye ngoma inatoa 2,100. Ingeunguruma tu.

Kanuni wanayoitumia karibu wote wanaofunga winchi ni uzito wa gari likiwa limepakiwa, mara moja na nusu. Na hapo ndipo ninapokupongeza kwa kwenda mizani, kwa sababu wengi wananunua kwa uzito wa kwenye kadi, kana kwamba watasafiri bila mafuta wala maji wala watoto. Kilo 2,900 mara moja na nusu ni 4,350, ambazo ni pauni 9,600 kasoro kidogo. Saizi yako basi ni 9,500 au 10,000. Ukizikuta zote mbili kwa bei zinazokaribiana, chukua 10,000.

Shemeji atasema: kwa nini usimalizie tu na 12,000? Si wazo la kijinga. Gari lako likiwa la tani tatu na nusu ningemuunga mkono. Lakini 12,000 nyingi zinaongeza nguvu kwa kuongeza uwiano wa gia, kwa hiyo zinakuvuta polepole zaidi. Nyingi pia huja na kamba nene na fupi, mita 24 au 25 badala ya 28 au 30, na kamba fupi ni balaa pale ambapo mti wa karibu uko mita 27. Zinaongeza uzito puani mwa gari pia. Na hata hivyo, kamba ikiwa imejaa kwenye ngoma, 12,000 nayo inashuka kwa sababu ileile: kilo 5,440 zinakuwa 3,100 hivi. Kwa matope yale yako ingefika ukingoni tu.

Kitu ambacho hakuna hata mmoja kati yao aliyekutajia ni kapi, na mimi ningechagua winchi ndogo yenye kapi kuliko kubwa isiyo nalo. Kapi ni gurudumu la chuma lenye mfereji, lililofungwa kati ya mabati mawili yanayofunguka. Unalifunga kwenye mti kwa mkanda, unapitisha kamba, kisha unarudisha ndoano kwenye gari lako mwenyewe. Sasa gari linavutwa na kamba mbili badala ya moja. Nguvu inakuwa karibu maradufu ukitoa kidogo kinachopotea kwa msuguano, na mwendo unakuwa nusu. Halafu kuna faida ambayo watu huisahau: kwa kuwa kamba inakwenda na kurudi, unatoa mita nyingi zaidi kwenye ngoma, kwa hiyo unashuka kwenye matabaka ya chini ambako mota ina nguvu. Mti ulio mita kumi mbele yako, kwa kapi, unakula mita 20 za kamba, na ngoma inabaki na matabaka mawili. Winchi ya 9,500 yenye kapi inaipita kwa mbali ya 12,000 isiyo nalo, tena mota inahema kidogo na betri inapumua.

Tahadhari moja kwenye kapi, na nakuomba uisome mara mbili. Kamba mbili zinapovuta, mti na mkanda na pini iliyoshika kapi vinabeba jumla ya zote mbili. Kamba ikiwa na tani nne, mkanda una nane. Kwa hiyo kapi na mkanda viwe vimeandikwa uwezo usiopungua mara mbili ya winchi. Pete za chuma za kuunganishia, zile za umbo la upinde zenye pini ya kufunga, huandikwa uwezo wake wa kazi ubavuni: ya milimita 16 kwa kawaida huandikwa tani 3.25, ya milimita 19 tani 4.75. Ile isiyoandikwa kitu iache dukani, hata iwe nene kama mkono wa mtoto. Na pale unaporudishia ndoano kwenye gari lako pawe pamefungwa kwenye chesisi kwa kazi hiyo. Kile kirungu cha kufungia tela si mahali pa kunasulia gari. Kikikatika kinaruka kama risasi, na watu wamekufa kwa hicho.

Kamba. Hapa namwacha shemeji kabisa. Mita 30 za waya ya milimita 9 au 10 zina uzito wa kilo kumi na kitu, za nyuzi bandia zina kilo mbili hivi. Wewe ndiye utakayeiburuta hadi mtini, peke yako, matope yakiwa magotini. Waya inapozeeka inatoa miiba inayopenya glavu, ikipinda kwa nguvu haikunjuki tena, na ikikatika ikiwa imevutwa inarudi na nguvu zote zilizokuwa ndani yake. Ile ya nyuzi, ikiwa mpya na ya unene uleule, haina udhaifu anaoufikiria. Inaelea majini, unaifunga upya kwa kuisuka hukohuko porini, na ikikatika hairudi kwa hasira ileile.

Lakini isiuzwe kwako kama haina ila. Mchanga ukiingia ndani ya nyuzi unazisaga kidogo kidogo, na jua linazichosha, kwa hiyo baada ya matope ifungue yote, ioshe kwa maji matupu, iache ikauke kivulini, na ikiwa haitumiki ifunike. Mwamba mkali unaikata palepale ambapo waya ingekwaruzika tu. Kama kazi yako yote ingekuwa kwenye majabali ningesita. Adui mwingine ni joto. Nyuzi hizo huyeyuka karibu nyuzijoto 150 na huanza kudhoofu mapema sana kabla ya hapo. Winchi nyingi za siku hizi zina breki ndani ya ngoma, na ukishusha gari mlimani kwa kuachia kamba kwa mota, breki inachemka na ngoma inachemka nayo. Kwa hiyo tumia winchi kuvuta, usiitumie kuteremsha gari kwa mwendo mrefu.

Ukichukua kamba ya nyuzi, mdomo ambao kamba inapita mbele ya gari uwe wa alumini laini, mpya. Usipitishe kamba ya nyuzi kwenye rola zilizokwisha kuchanwa na waya. Mikwaruzo hiyo huioni kwa macho, ila kamba inaiona.

Sasa betri, na yule msaidizi wako. Sikuwepo, lakini dalili zake ni za kawaida sana. Winchi ya umeme ya volti 12 ikiwa inazunguka bila mzigo inakula kama ampea 70. Ikifika kwenye mzigo wake wa mwisho inavuka 400. Alteneta ya gari la kawaida inatoa mia moja hivi, nyingine chini ya hapo, tena injini ikiwa inazunguka kwa kasi. Pengo lote linatoka kwenye betri. Betri ikishuka volti, mota inavuta kwa uvivu na kuchemka zaidi, na mtu anaposhikilia swichi kwa dakika nyingi mfululizo, kitakachotangulia kuungua ni suala la bahati. Huyo bwana kuna uwezekano mkubwa alikuvuta kwa kamba moja, ngoma ikiwa imejaa, bila kuchimba kwanza, bila kupumzisha. Winchi ya umeme haikutengenezwa kufanya kazi mfululizo. Vuta chini ya dakika moja, acha, gusa mota kwa kiganja. Ikiwa huwezi kuacha kiganja hapo, subiri. Injini iwe inawaka wakati wote, izungushwe kama mizunguko 1,500 kwa dakika.

Gari lako la dizeli tayari lina betri kubwa kwa ajili ya kuwashia, na kama ni nzima inatosha. Angalia kwenye kibandiko chake nguvu ya kuwashia injini kwenye baridi: watengenezaji wengi wa winchi wanataka isipungue ampea 650. Betri ya pili ni jambo jema kwa mtu anayelala porini na friji, ila si sharti la winchi. Sharti ni nyaya nene zinazofika moja kwa moja kwenye betri, chanya na hasi zote mbili. Kuna mafundi wanaoshika hasi kwenye bodi ya gari kwa sababu ni karibu. Ampea 400 zikipita kwenye skrubu yenye kutu, joto linapatikana hapo. Weka pia swichi kubwa ya kukata umeme wote wa winchi, mahali unapoifikia bila kujipenyeza, ili kontakta, ile swichi nzito inayopeleka umeme kwenye mota, ikigoma ikiwa imeshika uweze kuinyamazisha.

Kuhusu mota, utakuta za aina mbili. Zenye sumaku za kudumu ni rahisi na hazili umeme mwingi kwenye mzigo mdogo, lakini zinachemka upesi. Zile ambazo hata sumaku yake inatengenezwa na nyaya za shaba zinakula zaidi na zinavumilia mvuto mrefu. Mtu wa matope kama wewe achukue hizi za pili. Zipo pia winchi za haidroli zinazoendeshwa na pampu ya usukani, zinavuta kutwa bila kuchoka, ila injini ikizima nazo zimekwisha, na kuzifunga ni kazi ya mabomba. Siioni sababu yake kwako. Kinga ya maji itazame: IP67 maana yake kifaa kinavumilia kuzama mita moja kwa nusu saa, na anayevuka mito asichukue pungufu.

Ya shemeji. Usiikatae kabla hujaiona ikifanya kazi, na hiyo ndiyo heshima yenyewe. Mwambie, "Shemeji, niruhusu niijaribu kwanza kwa mzigo." Ifungeni kwenye gari lake au kwenye fremu, gari jingine tupu liwekwe kwenye mteremko wa wastani, livutwe polepole. Katikati ya mteremko achia swichi. Gari likisimama pale lilipo, breki ni nzima. Likiteleza hata shubiri moja, breki imekwisha na mjadala umekwisha. Sikiliza gia zikizunguka bila mzigo, ichungulie kontakta kama ina kutu ya kijani, inuse mota. Kisha pitisha kidole kwenye ngoma: waya ya miaka mingi huacha mikwaruzo, nayo lazima isuguliwe mpaka iwe laini kabla ya kamba ya nyuzi kukaa hapo. Uliza pia kama mota, kontakta na sili zake bado zinapatikana. Ikifaulu yote hayo, na bei ikawa ya ndugu kweli, ichukue, vua waya, weka kamba ya nyuzi inayolingana nayo, ukubali kwamba itavuta polepole na itaongeza uzito mbele. Ikishindwa, si wewe uliyeikataa, na baba watoto hatalazimika kuchagua upande. Mpe shemeji kazi nyingine, awe ndiye anayekusindikiza kwa fundi siku ya kufunga. Watu wanaojua magari hupenda kuulizwa.

Kwa fundi hakikisha haya. Winchi ishikwe kwenye chesisi kwa bamba lake, si kwenye bampa lenyewe. Kama gari lina mifuko ya hewa, bampa la chuma liwe la aina iliyopimwa kwa modeli hiyo, la sivyo mifuko inaweza kufunguka wakati si wake. Winchi na bampa pamoja zinaweka mbele uzito wa mtu mzima, pengine zaidi, kwa hiyo springi za mbele zitahitaji kuangaliwa. Na isizibe upepo wa rejeta.

Mwenzako wa kazini nimemwacha hadi hapa ingawa ndiye niliyetaka kumsifu zaidi. Kupunguza upepo wa tairi kunakutoa kwenye mchanga mara nyingi bila kugusa winchi. Na rudi kwenye makadirio ya jeshi: gari lililozama hadi madigadi linadai mara mbili ya uzito wake, lililozama kina cha magurudumu linadai mara moja. Beleshi la nusu saa linalokutoa hatua moja kwenda nyingine limekuondolea kilo 2,900 za mvuto. Hakuna mota inayokupa hizo kwa bei ya beleshi. Vibao nunua pia. Nisipokubaliana naye ni kwenye kuacha winchi kabisa, kwa sababu mtu wa gari moja, mwenye watoto, akilala kwenye tope huku maji ya mto yakipanda, anahitaji kitu kinachovuta bila kumsubiri mpita njia.

Ila ujue winchi ya mbele inavuta kwenda mbele tu, na mara nyingi ardhi ngumu ni ile uliyotoka. Ukiwa na nafasi, beba na winchi ya mkono, ile ya kusukuma mpini na waya inapenya mwilini mwake. Ni ya taabu, lakini haijui betri wala haijali inavuta upande gani.

Watoto, kabla kamba haijakaza, wawe mbali zaidi ya mara moja na nusu ya urefu wa kamba iliyotolewa, tena ubavuni, si kwenye mstari wake. Tupia blanketi zito au koti lililolowa katikati ya kamba. Mtu asiivuke ikiwa imekaza, hata kama imesimama. Mti uzungushie mkanda mpana, chini karibu na mizizi, usiizungushe kamba yenyewe kwenye mti na kuishikisha ndoano mgongoni mwake. Na ule mkanda wa kuvutana unaonyumbuka kama mpira usiuunganishe na winchi kabisa. Unaweka akiba nguvu usizoziona.

Siku itakapofungwa, usiondoke kwa fundi na kamba kama ilivyotoka kiwandani. Huwa imezungushwa kwa ulegevu, na mvuto wa kwanza mkubwa utaichomeka katikati ya matabaka ya chini ikang'ang'ania humo. Tafuta mteremko mdogo, funga ndoano juu yake, toa kamba yote mpaka ile mizunguko ya mwisho, kisha jivute taratibu mtu mwingine akiwa ndani ameegemeza mguu kidogo kwenye breki, mizunguko ikipangwa moja kando ya mwenzake. Rimoti ya waya iwe ndani ya gari siku zote hata kama umenunua isiyo na waya, na kila baada ya mwezi mmoja au miwili izungushe kidogo kwenda na kurudi ili unyevu usitulie ndani ya mota.